Jina la Anayebaki

Kinoo, Jumamosi, 2 Agosti 2025

Dada Munyiva,

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu imefungiwa kwenye kabati ya vyombo, juu kabisa, nyuma ya zile sufuria za wageni. Mama Kibe anasema miale ya simu inamchemsha mtoto tumboni. Najua ukipiga anapokea yeye na kukujibu kwamba mimi nimelala. Sijalala, dada. Tangu daktari aseme niwe mtu wa kitandani mpaka nijifungue, nimelala kila kitu isipokuwa usingizi.

Kwa hivyo mume wangu Kibe ndiye posta. Duka lao la vioo na cherehani yako ni mlango kwa mlango hapo Dagoretti Corner, hana kisingizio. Anaweka barua kwenye mfuko wa ndani wa koti na hamwambii mama yake. Majibu yako nitaficha ndani ya foronya, chini ya kichwa changu mwenyewe.

Leo ni wiki ya thelathini na mbili. Unajua kwa nini nahesabu. Wa kwanza aliacha kucheza wiki ya thelathini, nikamzaa kimya. Wa pili alizaliwa akilia, nikasema sasa tumefika, akaishi siku tisa. Wote wawili waliitwa Wanjira, jina la Mama Kibe, kwa sababu kwa Wakikuyu binti wa kwanza ni wa mama ya baba, na hilo halina mjadala. Wa kwanza hata hakufungua macho lakini jina alipewa. Wa pili alipokuja akapewa lilelile kwa sababu deni la jina lilikuwa bado.

Sasa naogopa jina, dada. Nimesema. Nalala hapa nikihesabu mateke, kumi asubuhi, kumi jioni, na yakifika saba yakasimama kidogo, nashika tumbo kwa mikono miwili. Halafu Mama Kibe anaingia na uji, anakaa kwenye kiti, anafuma sweta ya manjano, na najua anamfumia nani. Anamfumia Wanjira wa tatu. Namwona Wanjira wa tatu akienda palepale walipo wengine, pale nyuma ya kanisa, na sweta yake.

Unamkumbuka mpangaji wako, yule mwalimu wa hesabu kutoka Tajikistan? Istad. Siku moja tukimenya viazi kwako aliniambia jina lake lilitokana na watoto waliokufa. Mimi wakati huo sikuwa nimefiwa na yeyote, nikasikiliza kwa sikio moja. Niulizie alikuwa anasema nini. Niulizie kila kitu.

Mdogo wako,
Mwelu


Woodley, Jumanne, 5 Agosti

Mwelu wangu,

Kibe amenipa barua kama mtu anayeuza bangi. Ameangalia huku na kule, akaingiza mkono kotini, nikadhani ananipa kitu cha maana. Nimesoma nikiwa na sketi ishirini za shule mbele yangu. Nilipofika kwa zile siku tisa nimezima cherehani.

Sasa sikiliza. Jana nimemwita Istad chai na nikamuuliza kama ulivyosema. Nakuandikia alivyosema, sijaongeza chumvi.

Mama yake alizaa watatu kabla yake, katika mji mdogo wa kaskazini mwa nchi yao, mahali pa milima na bustani za tufaha. Wote watatu walikufa kabla ya kutembea. Alipozaliwa yeye, bibi yake aliwakataza watu wote kumsifu. Mtu akisema mtoto ni mzuri anafukuzwa. Akamwita Istad. Kwa lugha yao, Kitajiki, kusimama na kubaki ni neno moja, na jina hilo ni kama kusema: huyu asimame, huyu abaki. Anasema si yeye peke yake. Majirani zao wa lugha nyingine wana Tursunoy, na lina maana hiyohiyo, na Watajiki pia wanalitumia. Ni majina ya nyumba zilizozika.

Nikamuuliza, kwani ni dawa? Akacheka. Akasema hapana, si dawa, ni ombi. Kila mtu anayemwita, hata kama anamwita tu amletee chumvi, anamwomba abaki. Mama yake alimwita mara mia kwa siku. Hayo ni maombi mia.

Lakini ameniambia nikuambie na upande wa pili. Shuleni alilichukia. Wenzake walikuwa na majina ya nyota na maua, na yeye jina lake lilimweleza kila mtu kwamba nyumbani kwao watoto walikufa. Siku hizi ni jina la mabibi, wasichana wadogo hawapewi tena. Amesema mtoto mwenye jina hilo anakua amewabeba waliomtangulia, na mama yake ajue hivyo mapema.

Kuna jambo lingine, na hili ni la kazi yangu. Nguo ya kwanza ya mtoto kwao haikuwa mpya. Ilishonwa kutoka kwa nguo kuukuu ya mtu aliyeishi miaka mingi, ili mtoto aivae ile miaka. Na upindo wa chini haushonwi. Unaachwa wazi, nyuzi zikining'inia, kusudi maisha yasifike mwisho wa kitambaa. Nimemwambia nikitoa nguo kama hiyo hapa Corner, mwalimu mkuu atanirudishia sketi zote ishirini.

Kula. Lala. Kumi asubuhi, kumi jioni, na katikati usihesabu.

Munyiva


Kinoo, Ijumaa, 8 Agosti

Dada,

Nimesoma barua yako mara nne. Nimelia kwa yale maombi mia.

Huyu ataitwa Istad. Nimeamua, na nimemwambia kwa sauti ya chini nikiwa nimefunika kichwa na blanketi. Akapiga teke moja kubwa hivi upande wa kulia. Sijui kama ni la kukubali, lakini nililihesabu.

Hilo la kubeba wenzake nimelifikiria. Awabebe. Mimi nimewabeba peke yangu miaka mitatu, akinisaidia kidogo sitakataa.

Shida ni huyu mama. Nitamwambia nini? Kwao mjukuu mwenye jina lako ni wewe mwenyewe umerudi kuwa mtoto. Kibe ni kijana wake wa pekee. Asipopata Wanjira hapa, hapati Wanjira popote, atazeeka aishe. Na mimi ni Mkamba niliyeletwa hapa na mapenzi, nimezika wajukuu wake wawili, halafu niamke niseme jina lako silitaki. Atasema namwita mchawi. Mtu akikuambia jina lako linaua watoto, si amekuita mchawi?

Kibe nimemdokezea. Amesema, "Tutaona hospitalini." Yeye hufikiri shida ikipelekwa hospitalini inatibiwa huko.

Nitafutie ile nguo. Kipande cha leso ya Susu, bibi yetu, hata kiwe na tundu. Susu alifika miaka tisini na nne akipalilia mwenyewe. Na usimwambie mtu yeyote kuhusu jina. Kitu yangu hii ni yangu na wewe, mpaka atoke salama.

Mwelu


Woodley, Jumanne, 12 Agosti

Mwelu,

Habari ya leso si nzuri. Nimempigia Mama Musili kule kwetu Mwala. Mali ya Susu iligawanywa siku ya arobaini, na wewe unajua ukoo wetu, hata ufagio ulipata mwenyewe. Leso mbili zilichukuliwa na binamu aliyehamia Kitui na amezifanya matambara. Hakuna kilichobaki. Usilie, tutapata mzee mwingine. Nairobi haikosi wazee, inakosa wanaokubali kuvua nguo.

Sasa nikuambie kama dada mkubwa, na ukasirike ukitaka. Mwambie Mama Kibe. Huyo mama alifundisha darasa la tatu miaka thelathini, ameona mengi. Na kama ni jina la kuzima msiba, kwani Wakikuyu hawana Njoki? Si ni aliyerudi? Wanajua hayo mambo kuliko unavyofikiri. Ukimficha atajua siku ya cheti, mbele ya manesi, na hapo ndipo atakasirika kwa haki.

Fikiria tu. Sikulazimishi.

Munyiva


Kinoo, Alhamisi, 14 Agosti

Dada,

Amefumua ile sweta.

Sijui nikuandikie vipi ili uone. Ilikuwa imebaki mkono mmoja. Jumapili ametoka kanisani, amekaa kwenye kiti chake hapa karibu na kitanda, bado ana kofia ya ibada, akatafuta ncha ya uzi akaanza kuvuta. Hakunitazama. Mgongo wote ukaisha, kisha mkono, na uzi akawa anauviringa, anauviringa, mpaka pakabaki tonge la uzi mapajani. Nikamuuliza, "Mama, mbona unafumua?" Akasema, "Nilikosea hesabu ya mishono." Mtu aliyefuma sweta miaka hamsini.

Dada, anajua kitu. Labda daktari alimwita kando siku ile ya picha ya tumbo. Watu wakijua mtoto hatakuja hawafumi. Sweta mbili za kwanza zilizikwa na wenyewe, labda hii ya tatu ameona aiokoe.

Jana ameondoka asubuhi na begi, hajasema anakwenda wapi. Mama huyu hatoki Kinoo isipokuwa kanisani na kwa wapangaji wake wa ploti. Amerudi jioni macho mekundu. Begi lilikuwa tupu. Nilijua kwa sababu alilikunja akaliweka chini ya kwapa.

Mateke ya asubuhi: kumi, lakini yalichukua saa nzima na zaidi. Juzi yalichukua nusu saa.

Hiyo habari ya kumwambia, sahau. Siwezi kumwambia chochote sasa. Uliza pale kwenu kama kuna mtu amemwona. Na uniandikie kirefu, tafadhali. Barua zako ndizo nalalia.

Mwelu


Woodley, Jumapili, 17 Agosti

Mwelu,

Nimepata barua. Kazi imenizidi wiki hii, sitaandika sana.

Hakuna mtu amesikia lolote kutoka kwa daktari. Mtoto yuko sawa. Yule mama acha kumchunguza, anakupikia, anakufulia, mwache afanye mambo yake. Mambo mengine mtu hupewa akiambiwa ayashike, na akishaahidi hawezi kuyamwaga kwenye karatasi.

Nguo ya mtoto usiwe na wasiwasi nayo. Imepatikana.

Munyiva


Kinoo, Jumanne, 19 Agosti

Munyiva,

Hiyo haikuwa barua yako. Wewe huwezi kuandika ukurasa mmoja bila kumtania mtu. Umeambiwa nini? Nani amekuahidisha? Kama ni daktari, nina haki ya kujua kabla yako, mtoto ni wangu. Na hiyo nguo imepatikana kwa nani? Mbona husemi?

Sikiliza nilichosikia jana. Nilikuwa nimetoka chooni, nikasimama kwenye korido kushika ukuta kidogo. Wao walikuwa jikoni. Mama Kibe alisema, kwa Kiswahili kabisa, nadhani kwa sababu alitaka Kibe asijifanye hajaelewa: "Mtoto huyu hatabeba jina langu. Nimesema. Usiniulize tena." Nilisikia vizuri. Kijiko kilianguka kwenye sinki, basi.

Unaona sasa? Amemkana. Mimi nilitaka kumnyima jina, ndiyo, nilikuwa najificha kama mwizi nikimnyima. Lakini kukataa kwake ni kitu kingine. Bibi wa Kikuyu hakatai mjukuu wa jina lake ila kama ameona kaburi. Ameona, dada. Sweta ameifumua, jina amelichukua, ametoa na begi la vitu sijui vya nani. Wanamfungasha mtoto wangu kabla hajafika.

Na asubuhi hii nimehesabu mpaka nane. Nimelala upande wa kushoto, nimekunywa maji baridi, nimekula sukari kijiko kizima. Nane.

Siogopi tena kusema naogopa. Njoo unitoe hapa. Chukua teksi, aibu itakayompata Kibe nitaijibu baadaye. Nataka kulala kwako Woodley, kitandani kwako, uniwekee mkono tumboni tuhesabu wote wawili. Usiandike. Njoo.

Mwelu


Hospitali, Jumamosi, 23 Agosti, alfajiri

Dada Munyiva,

Pole simu yangu imezima na hapa hakuna pa kuchajia, nimempa askari wa mlango hii karatasi akupelekee, anaenda Ngong Road akitoka zamu.

Barua ya Mwelu ya Jumanne nimekuwa nayo kwa koti siku tatu. Nilisahau kukupa. Nilisahau, ni uongo. Niliisoma nikaogopa kukupa. Nimeikunja ndani ya hii. Nisamehe.

Jana jioni Mwelu alianza kutoka damu. Presha ilipanda akawa haoni vizuri. Tumemleta na gari ya mpangaji. Wamempasua saa nne. Mtoto ni msichana, kilo moja na nusu na kidogo, yuko ndani ya ile sanduku ya joto. Analia lakini ni kama paka. Mwelu bado hajaamka vizuri.

Nesi amekuja na fomu akauliza jina la mtoto. Mama ameshika kalamu mwenyewe. Dada, hilo jina lenu Mama ameliandika bila kuuliza herufi hata moja.

Njoo ukipata hii.

Kibe


Hospitali, Jumatatu, 25 Agosti 2025

Kwa Mwelu, mke wa mwanangu,

Nimekaa kwenye benchi nje ya wadi yako. Wananiruhusu kuingia saa sita na saa kumi na moja tu, na nikiingia unafumba macho. Nimejua hujalala. Nimefundisha watoto miaka thelathini, najua macho yaliyofumbwa na macho yaliyolala. Basi nakuandikia, kwa kuwa nimeona karatasi ndiyo unayoiamini.

La kwanza ni kosa langu. Nimesoma barua zako. Foronya hufuliwa Jumamosi, Mwelu. Nani ulidhani huzifua? Jumamosi ile ya tarehe tisa nilivua foronya ya mto wako, barua ya dada yako ikanidondokea miguuni. Niliona jina la Kibe na sikuweza kuirudisha bila kuisoma. Jioni hiyo nilimwambia Kibe anionyeshe na zako kabla hajazipeleka, na majibu kabla hajakupa. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akanipa. Usimlaumu yeye, mimi ni mama yake. Barua moja tu alinificha, ile ya Jumanne, na ndiyo ningetaka kuiona kuliko zote. Nimeisoma leo, dada yako amenipa. Nakuomba msamaha. Pia ningependa kukuambia kwamba hatusemi "kitu yangu," lakini hilo litangoja.

La pili. Uliandika kwamba ukiniambia jina langu linaogopesha, nitadhani umeniita mchawi. Mwelu, mimi nilijiita hivyo kabla yako. Siku ya tisa ya yule wa pili, nilipotoka hapa hospitalini nikipanda Waiyaki Way na sweta yake kwenye begi, nilijiuliza ni kitu gani kiko ndani ya jina langu. Mimi niliitwa jina la nyanya yangu, naye aliitwa la nyanya yake, hakuna aliyekufa mtoto. Kwa nini likifika kwangu liue? Sikumwambia mchungaji. Sikumwambia mtu. Ulipopata mimba hii niliomba iwe mvulana, na nilipoambiwa na daktari ni msichana nilienda stoo nikalia kati ya magunia. Nikaanza kufuma kwa sababu sikujua namna ya kutofuma. Bibi asipomfumia mjukuu wa jina lake, watu huuliza.

Kwa hivyo niliposoma kwamba kuna jina lingine, na wewe umeshamwambia mtoto na amepiga teke, nilifurahi hadi nikaketi chini. Ile sweta nilikuwa nimeifuma kwa jina la Wanjira, kila mshono. Sikuweza kumvisha mwingine. Ndiyo maana niliifumua. Sikuona kaburi lolote. Wakati ule sikujua kwamba ulikuwa unaniona hivyo.

Jumatano ile nilikwenda Woodley. Dada yako alinifungulia mlango akadhani nimekuja kukushtaki. Nikamwomba aniitie yule mwalimu. Nilitaka kumuuliza yeye mwenyewe, ana kwa ana, kama mtu wa huku anaweza kupewa jina lao bila kuwakosea. Akasema jina halina mipaka ya nchi, nyumba yoyote iliyofiwa inaweza kuliomba. Akanifundisha kulitamka. Dada yako akaniuliza kwa nini nisitumie Njoki, maana ni letu. Nikamwambia Njoki ni aliyerudi. Mimi sitaki aliyerudi. Wawili tayari walikwenda, sitaki kumsumbua huyu kwa kumuuliza kama ni wao. Nataka anayebaki.

Katika begi nilikuwa nimebeba gauni langu la samawati, la pamba, nililofundishia mwaka wangu wa mwisho. Nilisoma kwamba mmekosa nguo ya mzee. Nina miaka sabini na mmoja, sijawahi kulazwa hospitalini hata usiku mmoja. Kama miaka huvaliwa, hiyo yangu bado haijachakaa sana. Dada yako amelikata.

Nilimwapisha Munyiva asikuambie. Nilifikiri ukijua nasoma utaacha kuandika, na kesho yake uliandika kwamba barua ndizo unazolalia. Daktari alisema usishtuliwe. Sasa naona kwamba kukaa kimya kulikushtua kuliko chochote ambacho ningesema. Katika hilo nilikosea hesabu kweli.

Wewe uliandika kwamba bila Wanjira nitazeeka niishe. Ni kweli. Nimelifikiria usiku na mchana. Nitaisha kama watu wanavyoisha, na mtoto atabaki. Nimeona ni haki.

Wanaruhusu nisimame kwenye kioo cha chumba cha watoto. Nasimama huko nikitoka hapa. Namwita. Manesi waliniuliza ni jina gani hilo, nikawaambia, na sasa wao pia wanamwita wakimbadilishia mrija. Leo nimehesabu mara sitini na mbili kabla ya chai.

Usifumbe macho saa kumi na moja.

Wanjira, mama ya Kibe


Hospitali, Jumatatu, 1 Septemba

Dada,

Simu nimerudishiwa, imewekwa mkononi mwangu. Lakini nimezoea karatasi, na kuna mambo sitaki kuyasema watu wa wadi wakisikia.

Jana ilikuwa siku ya tisa. Sitakuambia mengi juu yake. Tangu asubuhi sikula. Nilimwomba nesi aniache nikae kando ya sanduku, akaniletea kiti cha plastiki. Mama Kibe alisimama upande wa pili wa kioo, huko nje, na kofia yake ya ibada, kwa sababu hawamruhusu ndani. Hatukuwa tumezungumza tangu barua yake. Ile saa kumi na moja nilifumbua macho kama alivyosema, tukatazamana, akanilainishia shuka, ndiyo hivyo tu.

Saa tisa mchana, saa ileile ambayo wa pili aliondoka, mtoto aliacha kupumua. Wanasema hutokea kwa waliozaliwa mapema, wanasahau kupumua. Mashine ilianza kulia. Mimi sikuweza kuinuka, dada. Nesi alikimbia akamgusa nyayo, anampiga kidogo na kidole, na nikasikia kutoka nyuma ya kioo mtu akigonga. Mama Kibe alikuwa anagonga kioo kwa pete ya ndoa, na mdomo wake unaita. Sauti haikupita, lakini niliona mdomo. Halafu nesi akaanza kuita pia, na mimi nikaita, jina lilelile, watu watatu. Sijui ilichukua muda gani. Aliguna, akavuta hewa, akalia ule mlio wa paka.

Nesi akasema ni kile kidole kwenye nyayo. Sawa. Mimi sibishani na mtu.

Leo ni siku ya kumi. Nimeamka nikaiona hapo na sijui niifanye nini, sijawahi kuwa na siku ya kumi. Bado naogopa. Wamesema wiki tatu zaidi, labda nne, na kila mashine ikilia nitakufa kidogo. Lakini leo wamenipa nimbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, na nimehesabu pumzi badala ya mateke. Niliacha kwenye mia tatu.

Mama Kibe alipewa dakika tano ndani, na gauni la hospitali na barakoa. Alileta ile nguo uliyoshona. Dada, ni ndogo hivi, naweza kuivalisha kikombe. Bado ina harufu ya kabati lake. Ameiweka juu ya mtoto kama blanketi kwa sababu ya ile mirija. Nikamwambia, "Mama, nilikutendea vibaya, nilidhani umemkana." Akasema, "Shika shingo vizuri." Baadaye kidogo akasema, "Nilimkana Wanjira. Huyu nilimngoja."

Kisha akakuchongea kwangu. Amesema siku ulipompa hiyo nguo ulikuwa umeshika sindano, umeshaanza kupinda upindo wa chini, unalalamika kwamba huwezi kutoa kazi mbaya namna hiyo ikaitwa yako, na ikabidi akupige mkono. Nimecheka mpaka mshono wa tumbo ukauma. Uliishona kabisa ile sehemu ya pembeni, nimeiona, mishono mitatu. Amekaa hapa akaitoa kwa kucha, mmoja mmoja, nyuzi zimeachwa zining'inie juu ya miguu ya mtoto.

Ukija Alhamisi ulete chupi zangu na ndizi. Na ukifika kwenye kioo, mwite.

Mwelu